Sisi Wenye Vyuma

Mwanamume alipita mapokezi bila kusimama, akaingia chumba cha matibabu na kujitupa kwenye kiti cha meno kama mtu aliyerudi sebuleni kwake. Mkewe alibaki mlangoni, mkoba begani, ncha ya mtandio ameibana shavuni.

"Binti," mwanamume alianza, hata salamu hakutoa, "kabla hujagusa kitu, tuelewane. Sisi tuna vyuma mgongoni."

Daktari wa meno aliendelea kunawa mikono. Mvi zilikuwa zimemjaa kichwani, na mle ndani hakuwa binti wa mtu yeyote. Watu wa namna hii alishawazoea, wanaoumwa jino moja na kuja na midomo kumi. Huyu alikuwa amezidi. Huyu alijitaja kwa wingi, kama mfalme.

"Vyuma gani?"

"Tuliunganishwa pingili za kiunoni, mwaka juzi. Skrubu, fito, kila kitu. Sasa gego limeoza na leo linang'olewa. Vijidudu vikitoka kinywani vikaingia kwenye damu, vinakimbilia wapi? Kwenye vyuma! Kwa hiyo tunameza antibayotiki kwanza, ndipo uje na koleo lako."

"Nani amekuambia hivyo?"

"Watu wanaojua. Tuko nao kundi moja kwenye simu."

Funguo za gari zikamponyoka. Aliinama palepale kitini, akaziokota sakafuni bila hata kuguna. Aliyempasua alijua kazi yake, daktari aliwaza. Hasara tu kwamba aliishia kiunoni, asipande mpaka kichwani.

"Sukari?"

"Hatuna."

"Kidonda kilipona vizuri?"

"Kilikauka siku nyingi."

"Na aliyewapasua alisemaje kuhusu meno?"

"Ah, yule! Alisema hakuna haja ya dawa. Lakini yule naye ni kijana tu, hata ndevu hazijamtoka."

"Hakukosea. Mtu mwenye afya, mgongo umeshaunga, hahitaji dawa hizo kwa ajili ya kung'oa jino. Vyuma vya mgongoni havina ugomvi na mimi." Daktari alichukua taulo. "Dawa hizo zimewahi kuleta matatizo?"

"Mara moja tu. Midomo ilivimba, pumzi ikakata kidogo, tukalazwa. Mwili ulikuwa haujazoea."

Taulo likasimama mikononi mwa daktari.

"Mzee, huko si kutozoea. Huo ni mzio. Dawa hiyo ikimezwa tena, inaweza kuua."

"Sisi hatufi ovyo," mwanamume alisema, akacheka peke yake.

Daktari alimtazama mke, akitumaini kwamba pengine akili za nyumba hiyo ziliwekwa upande ule. Mwanamke alisimama wima kama nguzo. Stuli ilikuwa karibu naye, hakuikalia. Fremu ya mlango ilikuwa karibu naye, hakuiegemea. Na kinywa hakukifungua. Daktari akamdharau naye pia, tena zaidi. Mume anajichimbia kaburi mchana kweupe, na yeye, mtu mzima na akili zake, kazi yake kushikilia mtandio! Wanawake wa hivi ndio wanaowalea wanaume wa vile, alijisemea, kisha wanakuja kutuletea sisi.

"Dawa hiyo siandiki," alisema.

"Nani kakuomba uandike?" Mwanamume alichomoa pakiti ya vidonge kwenye mfuko wa shati, akaitikisa. "Tunazo zetu. Wewe tuambie tu tumeze vingapi."

Nje, watu kwenye benchi walikuwa wameanza kukohoa kile kikohozi cha kuchoka kusubiri. Daktari alihisi uchovu unampanda kutoka miguuni. Ganzi ya jino anayo. Ganzi ya ujinga hajaiona bado.

"Nimeshakuonya. Ukitaka kumeza, meza," alisema. "Maisha si yangu."

Uso wa mwanamume ukang'aa. Akageuka mlangoni.

"Umesikia? Daktari karuhusu. Haya, chota maji."

Mkewe hakusogea.

"Maji baadaye," daktari alisema, akakanyaga pedali. Kiti kikalala, na mwanamume akalala nacho, macho yamemtoka. "Kwanza nilione hilo gego. Fungua mdomo."

"Lakini—"

"Fungua!"

Safari hii mdomo ulifunguka bila neno kutoka ndani yake. Daktari alishusha taa, akapitisha kioo kidogo juu, akakipitisha chini, akakisukuma mpaka nyuma kabisa. Akarudia tena, polepole, akigonga jino moja moja. Yalikuwapo yote, mazima, meupe kama ya mtoto. Hakuna hata moja lenye doa.

Akainuka.

"Jino lenyewe liko wapi?"

"Jino gani?" Mwanamume alijifuta midomo kwa kiganja, amechukia. "Mimi sijaumwa jino tangu nizaliwe. Wala mgongo. Mgonjwa si huyo hapo? Mimi namsemea tu."

Mlangoni, mtandio ulishuka shavuni.

"Daktari," mwanamke alisema taratibu, akiyapitisha maneno upande wa mdomo usiouma, "vidonge simezi. Ning'olee huyo kwanza."