Chai ya Dereva

Jumatatu tangazo lilibandikwa ukutani stesheni: treni ya asubuhi haitasimama tena hapa, itapunguza mwendo tu na kupita. Abiria walilisoma wakaguna. Bi Mwanaidi, muuza chai, hakulisoma. Alikuwa anapepea jiko.

Treni ilipokuja ikijikokota, alitembea sambamba nayo akamnyooshea dereva kikombe dirishani, kama kila asubuhi.

"Leo sisimami, mama," alisema Mashaka, dereva.

"Nani kakwambia usimame? Pokea chai."

Mashaka akapokea. Ilikuwa ya tangawizi, imejaa pomoni, na ya moto kama pasi.

"Ila usiondoke na kikombe changu," Bi Mwanaidi akaongeza. "Hicho ni cha harusi yangu."

Mashaka akakitazama kile kikombe cha maua, kisha akatazama reli. Kuondoka na kikombe cha harusi cha mtu ni wizi. Kumwaga chai ya mtu mbele ya macho yake ni matusi. Akafunga breki, akaanza kupuliza. Abiria wote wakapanda, hata bibi mmoja mwenye tenga la kuku.

Siku ya Jumanne Mashaka alikuja na mkaguzi wa reli, amesimama ubavuni kwake, tangazo mkononi, kuhakikisha treni haisimami.

Bi Mwanaidi alimwona tangu mbali. Akatoa kikapuni kikombe cha pili cha maua.

"Karibu, baba," alisema, akitembea na dirisha. "Pole pole, kitakuunguza."

Kweli kilimuunguza. Mkaguzi akalikunja tangazo mara nne, akalitumia kushikia kikombe, akachongoa midomo kupuliza, na Mashaka akafunga breki.