Sauti ya Ukuta

Simu ilipolia, ofisi nzima ilicheka kabla haijapokelewa.

"Mzee Ukuta huyo," mchoraji alisema. "Sikio, mchumba wako anakuita."

Sikio hakucheka. Walimpa jina hilo kwa kuwa kazi yake ilikuwa sauti. Kwa miezi mingi walikuwa wakiusafisha upya mchezo mmoja wa video wa zamani wa Kijapani, ule wa shujaa anayetembea kijiji hadi kijiji, akipigana na mazimwi na kupanda cheo polepole. Wachoraji waliutia rangi na vivuli. Yeye aliutia muziki mpya na kuondoa makelele ya kale, likiwemo lile dum lililosikika kila shujaa alipojigonga ukutani. Bosi alimsifu kwa hilo mbele za watu. Jioni hiyo nakala ya mwisho ilikuwa itoke kwenda kiwandani.

Mzee Ukuta alikuwa mmoja wa wachezaji wa zamani waliopewa mchezo mpya waujaribu. Tangu hapo kila kukicha alipiga simu kudai dum lake. Waliwahi kumwambia atume picha ya tatizo. Alijibu kwamba tatizo lake halina picha.

Bosi alipokea mwenyewe, akaiweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Akamuuliza mzee kama hakuona rangi zilivyopendeza.

"Nimeambiwa zinapendeza sana," mzee akasema. "Lakini mwanangu, mmesugua birika mpaka mmeng'oa mkono wake. Nitalishika wapi?"

Bosi akamjibu kwa upole wa kujilazimisha kwamba hakuna aliyemshikia fimbo anunue. Abaki na ule wake wa zamani. Mzee akasema mashine yake ya zamani ya kuuchezea siku hizi inakoroma kama mgonjwa, na vipuri vyake havipatikani tena. Ikifa hiyo, basi na yeye hana mchezo mwingine duniani. Kisha akaleta shauri. Waingie Pango la Popo, wao kwa mchezo mpya, yeye kwa wa zamani. Atakayefungua sanduku la chini kwanza, neno lake lifuatwe. Akishindwa yeye, hawataisikia simu yake tena.

Bosi akatazama saa, akatabasamu. "Mashahidi tupo, mzee. Sikio, hebu mnyamazishe."

Pango la Popo ndilo lililowatoa watu jasho tangu zamani. Katika mchezo wa kale lilikuwa giza tupu, hata shujaa mwenyewe haonekani. Katika mchezo mpya wachoraji walikuwa wamewasha mienge kila kona. Sikio akashika padi ya kuchezea, akaingia.

Kwenye simu likasikika: dum. Kimya. Dum, dum.

"Anajigonga kama mlevi anayetafuta mlango wake," mchoraji akanong'ona, na watu wakaziba midomo.

Sikio akavuka daraja, akapita maporomoko ya maji yaliyochorwa vizuri kuliko maji yenyewe. Njia ilipogawanyika akasita. Mienge ilikuwa mingi na vivuli vingi, kila tundu likijifanya ndilo. Akashika la kushoto. Shujaa wake akatembea, akatembea, na ilimchukua muda Sikio kutambua kwamba alikuwa akipiga hatua palepale, kwenye ukuta, bila sauti yoyote. Akarudi nyuma mbio.

Dum, simu ikasema. Halafu ikanyamaza kabisa. Halafu kikaja kile kiwimbo kifupi cha sanduku kufunguka, ambacho hakuna mtu mle ofisini asiyekijua.

Safari hii hakucheka mtu.

Bosi alikata simu, akasema hiyo ni bahati tu, na maneno ya simu si mkataba. Alipogeuka akakuta Sikio ameshafungua faili la sauti.

"Ukifungua kazi iliyofungwa," alimwambia, "fungua na mlango wa kutokea."

Tangu aajiriwe, Sikio hakuwahi kumjibu bosi zaidi ya ndiyo. "Ahadi uliitoa wewe, bosi," alisema, kwa sauti ndogo hata mchoraji akalazimika kuinama asikie. Akalirudisha dum mahali pake.

Bosi akamwambia amkimbizie huyo mzee nakala aijaribu kabla gari la kiwandani halijafika. Na kama mzee ataikataa na hiyo, Sikio asijisumbue kurudi.

Njia nzima Sikio aliibana kifuani mashine yenye nakala hiyo, akiwaza ni jicho la namna gani linaloona gizani kiasi kile.

Mke wa mzee ndiye aliyefungua. Alimpitisha ukumbini hadi chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa, giza. "Ngoja nikuwashie taa, mwanangu," alisema. "Huku huwa tunasahau."

Mzee alikuwa kitini, padi mapajani, spika moja huku na nyingine kule. Sikio akamwamkia. Mzee akaitikia bila kugeuka, akamwomba aanze na waya wa spika. Sikio akauchomeka, akampa padi.

Dum.

Mzee akainamisha kichwa, akasikiliza. Akajigonga tena, makusudi, kushoto, kisha kulia. Uso wake ukafunguka. "Waambie waupeleke," alisema. "Huu sasa ni mchezo."

Sikio akacheka kwa furaha. "Subiri kwanza, mzee, uone na picha tulivyozisafisha," alisema, akauchomoa mkobani waya wa picha na kutafuta pa kuuchomeka.

Palikuwa na kiti, meza na spika mbili. Chumba kizima hakikuwa na runinga.