Nukta Kumi na Moja

Asubuhi ile mtafiti aligundua kwamba mwalimu wake alikosea. Kwa miaka thelathini mzee alisifiwa kwa njia yake ya haraka ya kupaka rangi tatu aina fulani ya grafu, yaani nukta zilizounganishwa kwa mistari, bila nukta mbili zilizounganishwa kupata rangi moja. Sasa nukta kumi na moja tu zilikuwa zimeiangusha njia hiyo.

Alizichora kwenye karatasi, akaenda hospitali.

"Afadhali umekuja," alisema binti wa mzee. "Tangu jana anakuulizia."

Mwalimu alikuwa amebaki mifupa na macho. "Umeniletea nini, mwanangu?"

Mtafiti angeweza kusema amekuja kumjulia hali tu. Badala yake alimnyooshea karatasi.

"Mwalimu, naomba uangalie hapa."

Mzee alifuata mistari kwa kidole. Kwenye nukta ya tisa kidole kilisita. Kikarudi mwanzo, kikajaribu tena, kikakwama palepale.

"Rangi zimekwisha," alisema polepole. "Kazi safi. Ichapishe."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nikusamehe nini? Si mimi niliyekufundisha?"

Kisha akamwomba binti yake amgeuze, aelekee ukutani.