Jina la Pango

Paliondokea Dubu mmoja kutoka tambarare za Bulgaria, akaitawala milima ya mbuzi wa Albania. Nyasi zao hakuzigusa. Alitaka jambo moja tu: lile pango ambamo mbuzi hujificha mbwamwitu wakija, lililoitwa Shpella, sasa liitwe Peshtera, kwa lugha yake.

"Jina haliliwi," Bi Mbuzi aliwaambia wenzake. "Mpeni, tubaki na pango letu."

Wakampa. Na kwa kuwa Dubu alisikia hata minong'ono, Bi Mbuzi akawalea wajukuu zake wakilijua pango kwa jina la Peshtera tu, lile la zamani akalimeza. Alijiona mjanja kweli.

Miaka ikapita, Dubu akashindwa vitani, akaenda zake. Haukupita mwezi, mbwamwitu wakaja. Hofu ilipomshika Bi Mbuzi, ulimi wake ukarudi kwenye lugha ya mama yake.

"Shpella!" akapiga ukelele. "Wajukuu zangu, Shpella!"

Wajukuu wakasimama, mlango wa pango ukiwa hatua kumi nyuma yao, wakatazamana.

"Bibi," mdogo wao akauliza, "Shpella ni nani?"

Jina la Peshtera lilipomjia Bi Mbuzi mdomoni, hapakuwa tena na mjukuu wa kuambiwa.