Kadi ya Saba

Kabla hajagonga mlango wa nyumba yake, mwalimu wa jiografia alichuchumaa kwenye dimbwi la mwisho wa mtaa, akachota tope kwa kiganja na kuipaka baiskeli yake. Alipaka fremu, akapaka mifuko, akajipaka na magoti. Mtu aliyetoka kuzunguka nchi saba hawezi kufika nyumbani anang'aa.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri sana. Nchi saba, siku sitini, kilomita mia moja na ishirini kwa siku, Jumapili zikiwemo. Aliuchora kwa penseli kwenye ramani ya sebuleni. Mkewe, fundi baiskeli mwenye karakana ubavuni mwa nyumba, aliutazama huku akifuta grisi mikononi.

"Punguza nchi, Mwalimu. Hata mbili ni safari."

"Wewe shughulika na spana, mke wangu. Ramani niachie mimi."

"Basi twende wote."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. "Hii si safari ya kwenda sokoni!"

Mkewe aliendelea kukaza spoku.

Siku ya tatu, kwenye mpaka wa kwanza kabisa, magoti ya mwalimu yaligoma. Hakuwa ameingia hata nchi moja. Angerudi na uso gani, wakati mtaa mzima ulimsindikiza kwa vigelegele? Akaketi kwenye benchi la ofisi ya mpakani apumzike kidogo, na dereva mmoja wa lori akamwomba amjazie fomu. Akaja wa pili. Kufikia kesho yake alikuwa na meza, kiti na foleni.

Alikaa hapo wiki saba na ushee. Barabara hakuiona, lakini aliisikia yote, maana madereva walimsimulia milima, mvua na mbwa. Kila aliyekwenda mbali, Mwalimu alimkabidhi kadi akaitie posta huko huko: "Mke wangu mpenzi, leo nimefika..." Kilichomuudhi ni kimoja tu. Siku ya tano, foleni ikiwa imepamba moto, mtu aliyejifunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi alinyoosha mkono kuazima kalamu. Mwalimu alimpa bila kuinua kichwa, na ile kalamu yake ya wino wa kijani, ya kusahihishia, hakuiona tena.

Sasa alijikaza, akagonga.

Mkewe alifungua, akamkumbatia na matope yake, kisha akaiinua baiskeli pamoja na mizigo yote kwa mkono mmoja na kuivusha kizingiti. Uso wake ulikuwa umeungua jua.

"Jua lilikuwa kali huku?"

"Acha tu."

Jirani muuza maziwa alikuwa anapita, akapaza sauti: "Shemeji, afadhali umefungua karakana! Tairi langu limelala wiki saba!"

Mwalimu hakumsikiliza, alikuwa anapanga uongo kichwani. Kesho angesimama ukumbini mbele ya wanafunzi na wazazi wao, lakini hao hawakumtisha. Aliyemtisha ni huyu aliyekuwa akimmiminia chai. Alitamani, japo mara moja maishani, mkewe amtazame vile anavyoitazama baiskeli nzuri.

Kwa hiyo akapiga chuku. Akasimulia mvua ya mawe ya nchi ya pili na mbwa waliomkimbiza nchi ya nne. "Na ule mlima wa nchi ya tatu! Kona tisa, mke wangu. Kona tisa za kuua mtu."

"Kumi na nne."

"Eh?"

"Si uliandika kwenye kadi?"

Mwalimu hakukumbuka kuandika kitu kama hicho, ila alikubali haraka haraka. Mkewe aliinama, akapapasa tairi la mbele. Mpira ulikuwa haujalika.

"Limedumu hili," alisema.

"Nilikuwa naendesha kwa upole."

Mkewe alibana mdomo, akachukua birika na kwenda jikoni kuongeza chai. Huko alisikika akicheka peke yake.

Aibu ilimpanda mwalimu mpaka masikioni. Akainuka, akaiendea ramani. Kadi zake zilikuwa zimebandikwa pale, kila moja juu ya nchi yake. Akazihesabu, akashusha pumzi. Zilikuwa saba. Angalau posta haikumwangusha.

Halafu akakumbuka. Dereva wa tangi la mafuta, aliyepewa kadi ya nchi ya saba, alirudi nayo mkononi: "Samahani, Mwalimu, nilisahau." Akapeleka mkono mfukoni. Kadi ilikuwa humo humo, imekunjika.

Akaibandua ile ya ukutani. Muhuri wa posta ulikuwa wa huko kweli. Akaigeuza. Wino ulikuwa wa kijani.

"Mume wangu, nimefika mwisho wa ramani yako. Kalamu ninayo mimi. Siku ile mpakani ungeinua kichwa, tungekuja wote."