Pedeli za Baba

Mguu wa mzee uliteleza tena, na pedeli ikarudi kumtandika kwenye muundi, palepale penye kidonda cha jana. Mwanawe akamshusha kwenye baiskeli, akamfuta damu kwa kitambaa, akaguna. Pedeli zilikuwa zimelika mpaka zinang'aa.

"Tumefika?" mzee akauliza. Macho yake yalishaingia giza, na kumbukumbu nayo ilimponyoka kama sabuni.

"Bado, baba. Pumzika kidogo nizitengeneze hizi, usije ukavunjika mguu."

Mtaani walimwita Radhi, maana walisema za baba yake keshazipata zote. Akazifungua pedeli kwa spana, akatoka nazo barazani. Akazisugua kwa brashi ya waya na mafuta ya taa mpaka grisi yote ikatoka, kisha akazikwaruza kwa msasa ili gundi ishike. Kwa soli alikuwa na viatu vya mama yake, vilivyokaa uvunguni tangu msiba wake. Vilikuwa na meno bado. Akakata vipande, akavipaka gundi, akavibana juu na chini ya kila pedeli, akavikaza kwa waya. Ncha za waya akazikunja kwa ndani zisimchome mzee.

Jirani aliyekuwa akisubiri pale na ndoo yake alimtazama mpaka machozi yakamlenga.

"Wenzako wanawatupa wazazi kama maganda. Wewe unamhangaikia baba yako hivi! Mungu akuzidishie."

"Mzazi hana mbadala, shangazi. Nivumilie kidogo, nakuja."

Gundi ilipokauka akaingia ndani, pedeli mkono huu, ndoo ya jirani mkono ule. Akazifunga pedeli, akamkalisha mzee kwenye tandiko, akamwekea miguu. Mzee akajaribu kukanyaga. Nyayo zikang'ang'ania, hazikuteleza hata chembe, naye akacheka kwa furaha ya mtoto.

"Hapo sasa! Leo mama yako atatuona."

"Anakungoja mlangoni. Jana ulichoka mapema, ndiyo maana hatukufika. Wewe kanyaga tu, usukani niachie mimi."

"Nitakanyaga, mwanangu. Hata kukiwa mbali vipi, nitakanyaga."

Akainama, akakaza meno, akakanyaga kwa nguvu zote zilizombakia. Mwana akaufunga mlango. Gurudumu la nyuma, lililoinuliwa shubiri moja kutoka sakafuni, likauvuta mkanda, na mkanda ukalizungusha jiwe la kusagia. Radhi akayamimina mahindi ya jirani yote kwa mkupuo.

"Mwanangu," mzee akahema, "tumeanza kupanda mlima?"

"Ndiyo, baba," akajibu, huku akivuta ndoo ya mteja mwingine. "Nyumbani ni nyuma ya huo mlima."