Mawe ya Jael

Jiwe lilipanda, likashuka. Shikanga alikuwa amelala chali sakafuni, jiwe la kusagia wimbi juu ya tumbo, bua la jani la mpapai mdomoni. Alivuta pumzi mpaka jiwe likainuka, kisha akaanza kuitoa polepole kupitia bua. Haikupasa kumwishia kabla Jael hajafika arobaini.

"Moja," Jael alihesabu. "Mbili."

Alipofika thelathini alicheka kidogo, kama kawaida yake, kisha akaendelea.

Shikanga alikimbia mita elfu kumi. Miguu alikuwa nayo. Kilichomsaliti ni pumzi, kila mara kwenye mzunguko wa mwisho. Dawa ya jiwe ilikuwa ya Jael. Kocha Kipsang aliicheka, akasema kwao watu hukimbia kwa mapafu, si kwa kubebesha tumbo mizigo. Shikanga angemjibu Jumamosi, kwenye mbio za uwanja wa Bukhungu.

Chumba hicho cha Amalemba alikihamia mwezi wa pili, na hakuna mgeni aliyewahi kukiingia. Jirani yake, Mama Nafula, alimsikia Jael ukutani kila asubuhi, lakini hakuwahi kumwona bombani wala kwenye kamba ya nguo.

"Wewe Shikanga, bibi unamfungianga ndani kama ingokho inayolalia mayai?"

Shikanga alitabasamu, akabeba ndoo yake, akaenda.

Wiki ya mwisho sauti ya Jael iliharibika. Ilishuka, ikawa nzito, na hesabu ikaanza kujikokota. Kutoka ishirini hadi ishirini na moja ilikuwa safari. Jasho lilimtoka Shikanga, macho yakamwiva, lakini hakuruka hata namba moja. Arobaini ya Jael ilikuwa arobaini.

"Huyo bibi ni mgonjwa," Mama Nafula alimwambia Alhamisi. "Sauti imekuwa ya dume."

"Anahitaji jua tu."

"Basi si umtoe nje?"

Shikanga aliogopa jambo moja: Jael anyamaze kabla ya Jumamosi. Hakunyamaza. Asubuhi ya mbio alifika arobaini kwa taabu, na kile kicheko cha thelathini kilitoka kama mngurumo.

Bukhungu, mzunguko wa mwisho, wenzake walianza kuachama midomo. Shikanga alihesabu kimoyomoyo, polepole, kama Jael wa wiki ile. Akampita mmoja, akampita wa pili, akakata utepe peke yake.

Kipsang alimshika bega, akamwuliza mshindi anampelekea nini wa nyumbani.

"Mawe manne."

Wakimbiaji walicheka mpaka wakakaa chini. Kipsang alisema mwanamke huyo atampasua tumbo siku moja.

Shikanga alipitia dukani, akaingia chumbani, akafunga mlango. Alifungua mgongo wa redio kaseti, akatoa mawe manne ya zamani yaliyojaa alama za meno, akatia mapya. Akarudisha kanda mwanzo, akalala chali.

Jael alihesabu kwa sauti yake nyepesi, ile aliyokuwa nayo kabla hawajamzika Likuyani. Thelathini, akacheka. Arobaini.

Shikanga bado alikuwa na pumzi nyingi.